Shemeji Hawezi Kunisukuma

Jumapili, tarehe 4, mwezi wa Mangsir

Baba Rupa, salamu nyingi. Huku sote wazima. Mama yako mzima, ila magoti. Kaka yako Khusiram mzima, yeye na masharubu yake. Rupa mzima, yuko kwa mumewe, ana mimba ya pili. Nyati wetu wa maziwa mzima. Basmati jirani naye mzima, kwa bahati mbaya.

Habari ni kwamba tunaigiza mchezo. Ijumaa anakuja afisa wa wilaya, aone familia za mliochukuliwa na askari wakati wa vita tunaishije. Mwisho wa mchezo majina yatasomwa. Mama yako anataka kusikia lako mbele ya serikali kabla hajafa. Basi lazima tufike mwisho.

Mimi ndiye mke. Basmati aliitaka nafasi hiyo. Mume wake alichukuliwa usiku uleule kama wewe, lakini mimi nalia vizuri zaidi, Mwalimu Sabitri kasema. Basmati anasema nalia kama mbuzi. Kapewa kuwa mume. Kofia yako kavaa yeye! Nimeuma meno.

Jumanne, 6 Mangsir

Hakuna anayetaka kuwa askari. Hata Jagdev mlevi kakataa. Nikapata akili. Nikampikia kaka yako mchuzi wa konokono anaoupenda, Mama akampelekea. Alipokuwa analamba sahani, Mama akamwomba awe askari. Kakubali. Na mabuti anayo! Nimelala nikijisifu.

Alhamisi, 8 Mangsir

Mazoezi. Balaa. Askari anatakiwa anisukume mlangoni na kunitukana. Nikasahau kwamba mke hamgusi kaka mkubwa wa mumewe, wala hawatazamani. Nimeishi nyumba hii miaka yote, nikasahau!

Kaka yako kasimama kule, anamtazama nyati. "Mwambieni huyo mama asogee kidogo, kama hana kazi."

Mwalimu akamtaka afoke. Akajibu kwamba tangu niolewe hajawahi kunisemesha, hawezi kuanza na matusi. Nikampa fimbo anisukumie. Akawa kama anafukuza bata. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini.

Basmati naye: "Mimi niwe mke, Jagdev awe mume, wewe dada uwe jirani. Ulie ukiwa mbali."

Nimpe nafasi yangu? Afadhali nisukumwe na nyati.

Ijumaa, 9 Mangsir

Afisa kachelewa, anaangalia gari lake tu. Mchezo ukaanza, na askari, kaka yako, akamfunga Basmati mikono. Kofia yako ikamteleza usoni. Mimi nilitakiwa nimshike Basmati. Sijui ilikuwaje. Niliona mabuti. Nikakamata koti la askari kwa mikono miwili, sikuachia, kama usiku ule.

Halafu vikongwe wakaanza: maji, dhahabu, upesi! Mkosi wa kumgusa kaka wa mume hausafishwi ila kwa maji yaliyoguswa na dhahabu. Dhahabu iko wapi? Basmati, mikono imefungwa, akaniinamishia sikio nimvue hereni. Tukanyunyiziwa, mimi na askari, mbele ya serikali. Afisa akauliza kama jeshini walikuwa wanafanya hivyo. Akainuka aondoke. Majina bado!

Mama yako akainuka mkekani, kwa magoti yale.

"Bwana, kaa kwanza. Mwanangu wa pili anaitwa Lautan. Alitoka bila viatu. Nataka ujue."

Basmati, bado kafungwa, akamtaja baba wa watoto wake. Kisha mwingine, na mwingine. Afisa akakaa. Gari likasubiri.

Jumamosi, 10 Mangsir

Mama kala sahani mbili. Afisa ameahidi mambo, wale huahidi. Hereni nimerudisha. Basmati kasema nililia vizuri, kidogo.

Tutaigiza tena mwezi wa Phagun. Nimeshapata akili. Askari awe Jagdev, nitambembeleza. Basmati simtaki tena awe wewe. Mume awe kaka yako. Mabega ni yako, sauti ni yako. Atasimama mlangoni, nami nitamkumbatia nikatae kumwachia. Safari hii hakuna kitakachoharibika. Konokono nimeshawaloweka.

Viatu vyako viko palepale. Mama anakuulizia. Leta habari upesi.