Malalamiko Dhidi ya Mwanafunzi Aliyemuuliza Bibi Anapenda Nini

Kwa Mkuu wa Idara ya Masomo ya Uzee,

Shikamoo, mheshimiwa. Mimi ni karani wa masjala ya chuo chako, yule anayebisha hodi hata mlango ukiwa wazi. Naandika kwa woga, lakini maji yamenifika shingoni. Naishi na bibi yangu mzaa mama, aliyenilea. Idara yako imempangia mwanafunzi wa mwaka wa pili, aje nyumbani kwa mafunzo ya vitendo. Naomba aondolewe, kwa sababu hizi:

1. Siku ya kwanza alivuta kiti, akaketi, akamuuliza Bibi, "Unapenda nini?" Kwetu swali hilo lilikuwa halijapata kuulizwa. Bibi alijibu mpaka chai ikapoa.

2. Ikabainika kwamba uji ninaompikia kila asubuhi kwa mapenzi yote haupendi, wala hajawahi kuupenda. "Nilikuwa nakustahi tu, mjukuu wangu." Sasa anajikaangia mayai. Uji nakunywa mimi.

3. Viatu vyake vya kutokea nilikuwa nimevificha, asije akaanguka. Mwanafunzi alivitafuta, akamfundisha mazoezi ya magoti, akamletea fundi wa kuweka vyuma vya kushikia bafuni. Jumamosi Bibi alitoka bila kuaga. Nilipomuuliza alikuwa wapi, akasema, "Kwani wewe ukitoka huniambia?"

4. Siku hizi Bibi ana maoni. Ameyatoa kuhusu mapazia, redio yangu na binti ninayetaka kumposa.

Fikiria, mheshimiwa, idara ikitoa wahitimu kila mwaka. Wazee wote wataulizwa, nao watasema. Tutabaki na nani wa kumwamulia mambo? Itabidi tuanze kuamuliwa sisi.

5. Hili ndilo linaloninyima usingizi. Mwanafunzi akihitimu ataajiriwa kwenye makao ya wazee, na Bibi anasema atamfuata. "Huko kuna wa kuzungumza naye." Mimi sina mwingine.

Basi ahamishiwe masomo ya uhasibu, ambako haulizwi mtu anapenda nini.

Nisalimie walimu wote, mpiga chapa na mlinzi wa getini.

Wako kwa heshima na hofu,
Karani, dirisha la pili

Baada ya sahihi: Tafadhali mwanafunzi asiondolewe. Jana nilimuuliza Bibi mwenyewe anapenda nini, akasema nauliza kama karani. Naomba nafasi moja darasa la jioni. Bibi ameahidi hatahama mpaka nihitimu. Nasikia kozi ni ya miaka mitatu, nami ni mzito wa kuelewa.