Mfongo wa Ulimi Unapita Sikioni

Jumatatu, tarehe 7 Agosti 1995

Baridi. Nimepalilia kahawa ya Mzee Fabian kutwa. Mgongo umekufa. Ila habari nzuri: Mzee Fabian anamfanyia mjukuu wake sherehe ya kipaimara Jumamosi ya wiki ijayo. Kazi ya kupika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, kampa Mektrida. Mapipa mawili.

Mektrida ni jirani yangu. Mama Doris. Mjane kama mimi. Mbege yake watu wanapanda huku Masama kutoka Bomang'ombe kuifuata. Na mwonjaji wake ni mimi, tangu mke wangu afariki. Nakaa kwenye kigoda pembeni ya pipa. Napewa kata ya kwanza. Naonja. Nasema bado msesewe. Au nasema tayari. Msesewe ni lile gome chungu. Likipungua, unakunywa uji. Likizidi, unakunywa dawa ya malaria. Wa kupima ni mimi.

Mpango: mbege inasifiwa, mwonjaji anasifiwa, hapohapo namwambia Mektrida tuoane. Mbele ya watu hawezi kukataa haraka.

Tatizo ni Kornel.

Jumanne, tarehe 8

Kornel ni yule wa mashine ya kusaga. Mjane naye. Kelele za mashine zimemla masikio. Kwa hiyo haongei, anatangaza. Leo jioni kaenda kwa Mektrida. Mimi nilikuwa upande wangu wa ua wa masale nakata majani ya ng'ombe. Nikamsikia anasema ulimi wa Basili, yaani mimi, umezeeka, sasa akae yeye kwenye kigoda. Ng'ombe wangu kasikia. Nadhani na padre kasikia.

Mektrida akamjibu. Jibu sikulipata. Mektrida anaongea taratibu kama yuko kwenye kitubio.

Na mimi nilitaka jibu.

Nimefikiri, nimepata. Nta. Sikio la kushoto limejaa nta, sijalichokonoa tangu Pasaka. Kesho nalizibua. Nina spoki ya baiskeli, nimeinoa kidogo.

Jumatano, tarehe 9

Nimejiua nusu.

Kornel alikuja tena. Nikajibanza kwenye banda la ng'ombe, karibu na masale. Spoki sikioni. Nachokonoa kidogo, nasikiliza kidogo. Kazi inakwenda. Ng'ombe akanisukuma kiwiko kwa kichwa. Alitaka majani.

Spoki ikaingia. Ndani kukalia pa, kama ngozi ya ngoma. Mlima ukashuka chini, migomba ikapanda juu. Nikalala kwenye samadi. Nikatapika. Mektrida akauliza nani yuko hapo. Nikalia kama ndama. Akasema huyo ndama apewe maji.

Jibu alilopewa Kornel sijalipata bado.

Alhamisi, tarehe 10

Sikio linavuma. Nikitembea naenda kushoto. Nimeigonga migomba yangu mwenyewe.

Lakini kuna kubwa zaidi. Chai haina sukari. Nikaongeza. Bado. Upande wa kushoto ulimi una ladha ya msumari. Nikaweka chumvi kwenye ncha, kulia. Chumvi. Nikaweka kushoto. Mchanga tu.

Nina nusu ya ulimi!

Haiwezekani. Nilichokonoa sikio. Ulimi sikuugusa.

Mtu akijua, kigoda kimekwenda. Na Mektrida naye kaenda.

Ijumaa, tarehe 11

Nimekwenda zahanati. Mganga ni binti wa mjini, anaitwa Raya. Ana adabu. Kaniamkia shikamoo babu. Nikamwambia mbuzi kanipiga pembe sikioni. Akamulika tochi, akachungulia sana. Akauliza kama mbuzi wangu ana pembe nyembamba kama waya.

Akanisimamisha, miguu pamoja, macho nifumbe. Nikafumba. Nikafumbua nikiwa juu ya meza yake.

Akaleta chuma cha meno mawili. Akakigonga, kikalia, akakiweka katikati ya paji la uso. Akauliza nasikia upande gani. Kushoto. Nikafurahi, nikamwambia limepona. Akasema hapana, hiyo ndiyo dalili. Ngoma ya sikio imetoboka, sauti ya nje haiingii vizuri, kwa hiyo sikio linasikia zaidi ile inayopita mfupani. Mimi sikubishana.

Nikamuuliza kuhusu ulimi. Kwa siri. Nikasema ni ulimi wa rafiki.

Akachukua kalenda ya zamani, akachora kichwa nyuma yake. Kwenye ubongo inatoka mishipa ya fahamu, kumi na miwili kila upande. Wa nane ni wa sikio, una matawi mawili. Tawi moja linatoka kwenye kitu kama konokono, hilo la kusikia. La pili linatoka kwenye vijia vitatu vyenye maji, hilo la kukuweka wima. Maji yakitikisika hovyo, ubongo unaambiwa unazunguka hata ukiwa umekaa. Hapo nikaelewa kwa nini mlima ulishuka.

Halafu wa saba. Huo ni wa uso, lakini una uzi mwembamba sana unaokatiza ndani ya sikio, nyuma tu ya ngoma, unakwenda mpaka sehemu ya mbele ya ulimi kupeleka ladha. Spoki imeupitia. Nyuma ya ulimi kuna mshipa mwingine, wa tisa, na huo haupiti huko.

Kumbe ni mfongo, kama mfereji wetu wa maji ya mlimani! Maji ya kihamba changu, shamba langu la nyumbani, yanapita kwa Kornel. Kornel akichimba choo, mimi nakosa maji. Sasa ulimi nao unapitishia maji yake kwa jirani sikio. Nani aligawa hivi? Hata kikao cha mfongo kisingekubali.

Nikauliza kama ladha itarudi kabla ya Jumamosi ya wiki ijayo.

"Babu, inaweza kuchukua wiki nyingi, hata miezi. Usiingize kitu sikioni, hata maji. Na usigeuke ghafla, utaanguka."

Kaniambia pia nisihangaike, uchungu nitausikia. Upande wa kulia wote mzima, na nyuma ya ulimi pazima.

Hapo akanipa mpango bila kujua.

Jumapili, tarehe 13

Misa. Wakati wa Injili tukasimama. Nikaenda kushoto. Kushoto alikuwa Beatrice, bega lake likanishika. Tukaketi. Tukasimama kwa Nasadiki. Nikaenda tena kushoto.

Beatrice naye anapika mbege. Ndiye mshindani mkubwa wa Mektrida. Hili sikulifikiria nilipochagua benchi.

Nje ya kanisa Mektrida akanisubiri.

"Baba Mathew, kwa Beatrice siku hizi wanatoa mbege na bega?"

Wanawake wakacheka. Nikasema ni malaria. Kornel akatangaza kwamba malaria yangu inanuka ndizi. Mpaka wa barabarani wakasikia.

Jumanne, tarehe 15

Sikukuu ya Bikira Maria, hakuna kibarua. Nimefanya mazoezi.

Natafuna msesewe. Mbele kushoto kimya. Nasukuma kulia, nasukuma nyuma. Nasubiri. Uchungu unafika umechelewa kama barua, lakini ukifika unafika kweli. Kwa hiyo siri ni kusubiri. Kata mdomoni, kichwa kiinamie kulia, ipite nyuma, nitulie. Uchungu ufike ndipo niseme. Mtu yeyote ataona ni heshima ya kazi.

Nimefanya tena nikitembea, kichwa kimeinama. Nimeangukia kwenye mfongo. Sikio nimeliziba kwa kiganja, maji hayakuingia. Raya angenisifu.

Ijumaa, tarehe 18

Siku ya kuonja. Mapipa mawili kwa Mektrida, yanatoa povu zuri. Yeye mwenyewe kavaa kitenge kipya. Kigoda kipo. Na Kornel yupo, kasimama juu yangu kama mnazi. Kasema kaleta ulezi uliobaki. Ulezi gani? Alikuja kuangalia.

Nikapokea kata. Nikainamia kulia. Nikatulia.

"MBONA UNAKAA NAYO MDOMONI KAMA MTOTO NA DAWA?"

Watu wakageuka. Nikashindwa kusubiri. Nikameza, nikasema bado msesewe.

Nilipomaliza kusema, ndipo uchungu ukafika. Ukafika vizuri. Ulikuwa sawasawa kabisa, tangu nianze kuonja sijapata mbege iliyopimwa vile. Tayari kabisa! Na mimi nimesema bado.

Ningesema nimekosea. Lakini Kornel alikuwa anatabasamu.

Mektrida akanitazama muda mrefu. Akasema sawa, Baba Mathew. Akachukua sufuria ndogo, akamimina kwenye pipa la kwanza, akamimina na la pili, akakoroga.

Kesho watu wanakunywa dawa. Jina la Mektrida limeharibika, na aliyeliharibu ni mimi.

Jumamosi, tarehe 19

Asubuhi nikapata mpango mwingine. Kosa ni la ulezi. Ulezi kasaga Kornel. Nikafika kwa Mzee Fabian mapema, nikapita kwa wazee mmoja mmoja, nikawanong'oneza kwamba wasishangae mbege ikiwa chungu, mashine ya Kornel ina kutu. Nikamwambia mpaka katekista.

Mbege ikagawiwa. Nikakaa karibu na njia ya kutokea.

Mzee Fabian akanywa. Akafuta povu mdomoni. Akanywa tena. Akasema tangu kahawa ilipokuwa na bei hajanywa mbege kama hii. Wazee wakaitikia. Katekista akasema basi kutu ya Kornel ni nzuri, iwekwe kila siku.

Sikuelewa. Lakini sifa ni sifa. Mzee Fabian akaita mwonjaji asimame aonekane.

Siku yangu. Nikasimama haraka. Nikageuka ghafla kumtafuta Mektrida, maneno yako mdomoni tayari. Migomba ikapanda. Mlima ukashuka. Nikashika kitu cha kwanza kilichokuwa karibu.

Lilikuwa pipa la pili. Lilikuwa limejaa.

Tulikwenda chini pamoja, mimi na pipa. Nikamsikia Kornel anatangaza kwamba Basili kaamua kuoga. Mektrida akavua kitenge kipya kilicholowa, akajifunga kingine, akatuma watu kwa Beatrice wakaombe mbege ya kumalizia sherehe. Kwa Beatrice! Ningekuwa na nguvu ningerudi ndani ya pipa.

Ndoa sikuitaja.

Jumapili, tarehe 20

Misa sikwenda. Nimelala naangalia dari, dari inatembea.

Mchana Mektrida akaja na bakuli la mtori wa ndizi na nyama. Nikajua kaja kuniambia nisikanyage kwake. Akaniwekea kijiko mkononi. Akaniambia nile kwanza. Nikala. Kulia mtamu, kushoto msumari.

Nikamwambia yote. Spoki, ng'ombe, ndama, mfongo wa ulimi. Akacheka mpaka akashika mlango. Halafu akaacha kucheka.

"Baba Mathew, juzi nilimimina maji ya ndizi matupu. Msesewe sikuongeza."

Nikauliza alijuaje.

"Ulimi ninao. Mbege naonja mwenyewe alfajiri kabla hujaja. Siku zote."

"Sasa mimi nilikuwa naonja nini?"

"Ulikuwa unakula. Mkeo alipofariki ulikuwa huli. Nikikuita kula, unasema umeshiba. Nikikuita kuonja, unakuja mbio. Ukija, nakuwekea na chakula."

Akakusanya bakuli. Akasema amemwambia Kornel asije tena jioni, anawachosha majirani. Mlangoni akageuka. Hakuinua sauti, lakini nilikuwa nimemgeuzia sikio la kulia, nikasikia kila neno.

"Jumamosi njoo. Sina pipa, sina sherehe. Njoo tu tukae, tuongee mambo yetu."

Jumatatu, tarehe 21

Nimefikiri usiku mzima hadi asubuhi. Nimemwelewa Mektrida.

Ananionea huruma. Anataka nije mikono mitupu, nikae tu, kama mgonjwa. Hapana. Mwanaume haingii kwa mwanamke bila kazi. Lazima kwanza nirudishe heshima ya ulimi.

Na bahati imekuja. Pale shambani kwa Mzee Fabian wanasema wanunuzi binafsi wa kahawa wamefungua ofisi Bomang'ombe. Wana mtu anayeonja kahawa kwa kijiko. Anaivuta puu, anaizungusha mdomoni, anaitema. Hamezi hata kidogo. Halafu anasema hii nzuri, hii mbaya, na wote wanaandika. Wanatafuta mwingine. Wanapima watu Jumamosi.

Kazi hiyo ni yangu. Kahawa nimelima tangu nina miaka saba. Kunywa sijawahi, sisi tunakunywa chai, lakini inajulikana ni chungu, na uchungu nausikia nyuma. Nitasubiri ufike. Wakiniharakisha nitasema bado.

Nikirudi nitakuwa mwonjaji wa kampuni. Hapo ndipo nitakwenda kwa Mektrida, nimevaa koti, nimwambie neno langu.

Tatizo ni Jumamosi yenyewe, atakuwa ananisubiri. Nimeshalitatua. Nimepita mashineni, nimemwomba Kornel aende badala yangu, akae naye, waongee mambo, asichoke kusubiri. Kakubali hapohapo. Kazima na mashine akakate nywele.

Mtu mzuri Kornel. Nilimdhania vibaya.