Kilo za Shemeji

Jumatatu, 3 Machi

Nimeshindwa tena. Jana, kwenye mbio za pikipiki, mbele ya umati, kwa nusu ya gurudumu. Tena na kinyozi! Mtu anayeshinda kutwa nyuma ya vichwa vya wenzake, mkono mmoja mkasi, mkono mwingine brashi ya poda. Pikipiki yake ni ya zamani kama yangu, na injini yake nimeisikiliza vizuri. Inakohoa. Ajuza, pikipiki yangu, hakohoi. Kifuniko cha silinda nimekikwangua mwenyewe. Kabureta nimeitoa kwenye pampu ya maji. Vyuma vinavyoshika gurudumu la nyuma nimevirefusha, ili la mbele lisinyanyuke wakati wa kuondoka. Mimi ni fundi wa kuchomelea mageti, kwa hiyo vyuma ninavijua.

Kosa liko wapi basi? Kinyozi alinijibu bila kuulizwa. Alisema mita mia mbili ni fupi kwa pikipiki ila ni ndefu kwa tumbo. Watu walivunjika mbavu. Nilicheka pamoja nao ili wasijue kwamba imeniingia. Mbio zijazo ni tarehe kumi na sita.

Jumanne, 4 Machi

Nimempeleka Ajuza kwa mnunuzi wa chuma chakavu, mzee mmoja asiyependa maneno. Ana mizani kubwa ya kupimia injini za malori. Ajuza: kilo tisini na mbili. Mimi: tisini na saba. Nimeomba tupime tena. Tisini na saba.

Nimerudi karakana na hasira. Taa zote, nje. Honi, nje. Madigadi, nje. Kiti nimekikata nusu. Nimetoboa matundu kwenye kishikio cha klachi na kwenye kila chuma kinachotoboleka. Breki ya mbele nayo nimeing'oa. Kilo tatu nzima! Mbio hizi ni za kwenda, si za kusimama, na breki ya nyuma inatosha kwa mtu mwenye mguu mzito.

Jioni tumepima tena. Sabini na tisa! Mzee wa mizani amemzunguka Ajuza, akanitazama mimi, akasema kilichobaki kupunguzwa kina miguu miwili.

Mteja wa geti alikuja kuulizia bomba zake. Nimemwambia ziko njiani. Si uongo. Ziko nyuma ya Ajuza, zimeshika gurudumu.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeamua kutokula. Nilijikaza hadi saa nne asubuhi. Nimegundua kwamba mimi si mtu wa kupungua. Wengine wameumbwa hivyo.

Saa saba nikampelekea shemeji chakula. Ni mdogo wa mke wangu, amelala chumba chetu cha nyuma tangu apasuliwe utumbo, wiki tatu sasa. Mke wangu hushona sare za shule na hutoka alfajiri, kwa hiyo huacha kila kitu kwenye mabakuli yaliyofunikwa. Supu ya maini, mayai mawili, maziwa. Kazi yangu ni kupasha moto na kupeleka. Amenisisitizia kama mara mia kwamba daktari alisema mgonjwa ajengwe mwili.

Shemeji alikuwa ameketi kitandani, mabega kama hanga la nguo. Nikasimama mlangoni na bakuli. Nikamtazama. Nikamtazama tena.

Kabla ya kuugua alikuwa tarishi wa pikipiki. Miaka sita barabarani! Anajua klachi kuliko ninavyoijua. Na ana uzito gani? Uzito wa nguo zake tu.

Ijumaa, 7 Machi

Nimemchukua shemeji matembezi. Mke wangu alifurahi, akasema kumbe ninajali. Tumetembea hadi kwenye mizani. Hamsini na nne! Mzee wa mizani ameuliza kama huyu ni mgonjwa. Nimemwambia anaendelea vizuri.

Njiani nikamweleza shemeji jambo lenyewe: tarehe kumi na sita ampande Ajuza badala yangu. Akasema amelala kwangu na kula kwangu wiki tatu, hana uso wa kunikatalia. Nimeguswa sana. Shemeji wa namna hii hupatikana wapi?

Jumapili, 9 Machi

Tatizo. Amefika hamsini na tano. Supu inafanya kazi.

Nimekaa karakana nikafikiri. Si kwamba nataka kumnyima, jamani. Ni kumchelewesha tu. Ajengwe mwili, ndiyo, ila kuanzia tarehe kumi na saba. Leo nimeanza na nusu ya supu na yai moja. Sikutaka vitupwe, kwa hiyo nimekula mimi. Mke wangu anajua kupika.

Jumatano, 12 Machi

Supu yote, mayai yote. Shemeji amebaki na maziwa, tena nimeyaongeza maji. Hakulalamika. Aliuliza tu kama dada yake ana shida siku hizi. Nikamwambia sote tunajibana. Akasema basi tusimpikie yeye, wapikiwe watoto wetu.

Hiyo ilinichoma. Nilirudi jikoni nikakaa chini kabisa, sakafuni. Nilitaka kumrudishia yai. Lakini nilikuwa nimeshalila.

Jumamosi, 15 Machi

Mizani. Shemeji: hamsini na mbili. Mimi: mia moja kasoro moja. Ukijumlisha, nyumba yetu haijapoteza kitu.

Kinyozi alipita karakana kuchungulia. Nilimfunika Ajuza kwa turubai. Hakumtazama hata. Alimtazama shemeji, aliyekuwa ameegemea ukuta, akaniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli nitampandisha. Nikajua ameshikwa na woga. Nikamwambia akanyoe watu.

Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali. Niandike yote, kwa mpangilio.

Saa moja asubuhi tulikuwa kwenye barabara ya kiwanda kilichofungwa. Lami nzuri, mita mia mbili hadi mstari wa chokaa, kisha mita sitini, kisha mtaro. Umati mkubwa. Nilimwacha mke wangu amelala, nikamwachia kikaratasi kwamba tumekwenda kupunga upepo. Shemeji alivaa koti langu. Likamfika magotini, tukalivua. Wepesi ni bora.

Nilimpandisha mwenyewe. Alishika usukani, akajaribu kukanyaga breki, akajaribu tena. Akaniinamia.

"Shemeji," akasema, "huu mguu hauna nguvu."

Nikamwambia aache woga. Nikamwambia hatahitaji mguu, anahitaji mkono wa kulia tu. Nayaandika maneno yangu kama nilivyoyasema.

Kitambaa kikashushwa. Na hapo, lazima niseme ukweli, sijawahi kuona kitu kama kile. Ajuza aliondoka kana kwamba hana mtu juu. Gia ya pili, ya tatu, bila kukosea hata unywele mmoja. Sekunde tisa! Kinyozi alikuwa nyuma kwa pikipiki nzima. Nilirusha mikono juu. Nilipiga kelele hadi sauti ikakatika.

Shemeji akavuka mstari. Akaendelea kwenda. Niliona mguu wake ukikanyaga, ukikanyaga, kama mtu anayepiga pampu ya baiskeli. Kisha wote wawili wakatumbukia mtaroni.

Kinyozi ndiye aliyefika kwanza. Aliitupa pikipiki yake kando, akaruka mtaroni, akatoka naye mgongoni. Alikuwa analia. Alisema amebeba watoto wake wazito kuliko huyu.

Mimi nilikuwa bado na mshika kitambaa. Nilikuwa namwomba athibitishe mbele ya mashahidi nani ametangulia. Nikiandika hivi naona linasikika vibaya. Lakini baadaye watu hukana.

Jumatatu, 17 Machi

Paja limevunjika. Mshono wa tumbo umeachia. Wamempasua tena jana mchana. Paja litasubiri, kwa sababu daktari anasema mwili wake hauna akiba ya kuunga mfupa. Wanamlisha kwa mpira puani. Kama atatembea au hatatembea, hakuna anayetaka kusema.

Kilichonimaliza ni muuguzi. Alimpima: hamsini kamili. Akatafuta karatasi yake ya zamani, akamuuliza mke wangu mgonjwa alikuwa akila nini nyumbani. Mke wangu akamtajia. Maini kila siku, mayai mawili, maziwa. Akataja kwa kujiamini, maana amevipika kwa mkono wake, akiamka saa kumi. Muuguzi akauliza nani alikuwa akimpelekea.

Mke wangu aligeuka akanitazama. Alianza na uso, akashuka polepole hadi tumboni, pale kifungo cha shati kilipokatika wiki iliyopita.

"Ulikuwa unakula chakula cha mdogo wangu?"

Nikasema nilikuwa naonja chumvi.

Alhamisi, 20 Machi

Nyumba iko kimya. Mke wangu yuko kwa mama yake na watoto, anatoka huko kwenda hospitali na kurudi. Nilikwenda kumwona shemeji. Mlangoni nilimkuta Kinyozi na beseni la maji, amekuja kumnyoa. Huja kila siku, kumbe. Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni. Hakunifukuza. Alisogeza kiti chake kikaziba mlango, akaendelea kusuka ukili.

Niliogopa. Nasema wazi kwa kuwa hakuna atakayesoma. Niliogopa kwamba atakufa na mimi nimemla kijiko kwa kijiko. Nilirudi karakana nikalia hadi mteja wa geti aliyekuja kuulizia bomba zake akaondoka bila kuuliza.

Kwa kuwa nilikuwa pale pale, nimenyoosha uma wa mbele wa Ajuza. Mikono inataka kazi. Fremu nzima, ajabu! Mashine imara sana.

Jumatano, 26 Machi

Habari njema kidogo. Shemeji ameondolewa mpira, anakula mwenyewe. Ameulizia watoto. Mimi hajaniulizia.

Mke wangu ametuma ujumbe. Mjomba wake ameitisha kikao cha familia Jumapili, saa tatu asubuhi, nyumbani kwa mama mkwe. Natakiwa nifike, nikae mbele ya wakubwa, niseme kwa mdomo wangu nilichofanya, niombe radhi. Nikifanya hivyo, atafikiria kurudi. Mwishoni ameandika: "Usipokuja, usije tena." Nimeusoma ujumbe huo mara nyingi hadi simu ikazima. Nampenda mke wangu. Nyumba bila yeye si nyumba. Sipiki, sina hamu, siku nyingine napitisha na chai tupu.

Ndipo suruali ikanidondoka nikiwa nimesimama.

Nimekwenda mbio kwa mzee wa mizani. Tisini na moja! Kilo nane, kwa huzuni tu! Ningejua zamani kwamba njia ni hii, nisingemsumbua shemeji wa watu. Kwa mwendo huu, Jumapili, siku ya mbio zijazo, nitakuwa chini ya tisini, na nitampanda Ajuza mwenyewe, kwa mguu wangu mzito, bila kumtegemea mgonjwa yeyote. Hapo ndipo nilipokosea. Kila mtu apande chake.

Kinyozi alinikuta pale. Ameniomba, karibu kwa kupiga magoti, kwamba Jumapili tusishindane, twende wote kwenye kikao, yeye atanisindikiza na kunisemea. Nimemwelewa vizuri sana. Ameiona mizani.

Mbio ni saa tatu hiyo hiyo. Nimepiga hesabu: sekunde tisa, tena huenda nane na nusu. Nimemwandikia mke wangu kwamba nakuja bila kukosa, ila waanze kikao bila mimi.