Vita vya Kura Moja ya Mshika Hatamu

Sogeeni, enyi mlioketi na mliosimama, nanyi mnaojifanya mna haraka hali hamna pa kwenda. Wekeni simu zenu kifudifudi, na asiyeweza basi azime mlio, maana habari ninayoileta si ya kusikilizwa kwa sikio moja. Wengine wamewasimulia falme zilizoanguka na majemadari waliovuka milima. Mimi nawasimulia Dereva wa Mkurugenzi, mwenye shati lisilojua mkunjo na funguo zinazolia kiunoni, simba wa maegesho, bingwa wa kurudi nyuma pasipo na nafasi, na jinsi alivyoisaka kura moja siku ya Jumamosi, tangu saa nne asubuhi hadi saa nane mchana. Naam, kura moja. Anayetaka kucheka acheke sasa, tukishaanza sitaki.

Nawe mtandao, mwenye vijiti vinne, unayempa umtakaye na kumnyima umtakaye, nijalie nisikatike katikati ya maneno.

Lilikuwako, na lingaliko, Baraza la Ngome ya Chumvi: kundi la kwenye simu la watu mia nne na kumi na wawili wasiowahi kuonana kwa macho, waliounganishwa na kitu kimoja tu, yaani vitabu tisa vinene vya mazimwi, wachawi na mapanga yasemayo. Kila mwaka Baraza hilo hupiga kura ya maoni kumtafuta Mhusika Bora. Mshindi hapewi kitu, hapewi hata cheti, kwa kuwa hayupo duniani. Hata hivyo kwa kura hiyo watu wazima, wenye ndevu na wajukuu, wamenuniana miezi saba.

Aliyeilinda kura alikuwa Karani, mtu ambaye hakuna aliyeijua sura yake. Wengine walinong'ona kuwa ni daktari wa meno, wengine kuwa ni mwalimu mstaafu, na ukali wake ulitosha kwa kazi zote mbili. Karani alikuwa ameweka sheria mbili zisizopindika. Ya kwanza, aliyempendekeza mhusika haruhusiwi kumpigia kura. Ya pili, mhusika asiyepata kura hata moja hufutwa orodhani, na jina lake halirudi milele.

Sasa sikilizeni kwa nini Dereva hakulala vizuri wiki hiyo. Katika kitabu cha nne, mashujaa saba wanaingia pangoni kupigana na Zimwi, nao wanapigana sura tisa nzima. Nje, mvuani, yupo mtu ameshika hatamu za farasi wao. Hana jina. Mashujaa wanatoka wamelowa damu na sifa, wanazitwaa hatamu mkononi mwake, wanaondoka, na kitabu hakisemi kama walimwambia ahsante. Dereva alisoma ukurasa huo miaka kumi na mmoja iliyopita, akiwa garini mbele ya jengo ambalo Mkurugenzi wake, mama mwenye kampuni ya matangi ya maji, alikuwa ameingia kwa "dakika tano", na hiyo ilikuwa saa ya tatu. Alifunga kitabu, akautazama mlango wa jengo lile muda mrefu. Tangu siku hiyo hakuna mhusika aliyempenda kuliko Mshika Hatamu.

Ndiye aliyempendekeza mwaka huu, na Karani akampokea kwa shingo upande. Ikafika Jumamosi, siku ya kufunga, na matokeo yakasomeka hivi: Binti Radi, mia na sabini na moja, Mfalme Asiyelala, mia na sitini na nane, wengine wakigombea makombo, na chini kabisa, nafasi ya thelathini na moja, Mshika Hatamu, sifuri.

Saa nne, Mkurugenzi alipokwisha kuingia ukumbini kwenye mkutano, Dereva alivuta kiti cha gari nyuma, akakohoa ingawa hakuna aliyemsikia, akaandika mbele ya Baraza:

"Enyi ndugu wa Ngome, ninyi mliolia Binti Radi alipokatwa kidole, mliokesha na Mfalme Asiyelala, nawauliza: mashujaa wale wangetoka pangoni wakaondoka kwa miguu ya nani? Nani alisimama mvuani sura tisa, asijue kama waliomo ndani wa hai au wamekufa, na asiondoke? Siombi ushindi. Naomba kura moja, jina lake lisifutwe."

Kisha majibu yakaanza kudondoka.

"Nani tena huyo?"

"Yuko ukurasa gani?"

"Kaka, hoja yako nzito, lakini Mfalme akishindwa kwa kura moja nitajilaumu mwaka mzima. Mwakani nakupa."

"Mwakani hatakuwepo," akaandika Dereva.

Mmoja akatuma picha ya paka aliyelala. Hapo ndipo Dereva alipojua kwamba vita ni vita.

Akawaendea mmoja mmoja, faraghani, wajumbe kumi na wanne. Akabembeleza, akanukuu, akataja mvua, akataja baridi. Kumi walimsoma wasimjibu. Watatu wakampa pole kana kwamba amefiwa. Wa kumi na nne alidai bei, naye alitaka Dereva akiri hadharani kwamba kitabu cha saba ni kizuri, na kuna mambo mtu mwenye heshima zake hayafanyi hata kwa kura. Jua likahama kutoka kioo cha mbele hadi cha ubavuni, gari likawa tanuri, na saa ikagonga saba na nusu. Sifuri ilikuwa pale pale imekaa kitako.

Ilibaki silaha moja aliyokuwa hajaigusa. Mkewe, malkia wa cherehani, mshona sare za shule, hakuwahi kufungua hata kimoja cha vile vitabu tisa. Miaka yote Dereva alipomsimulia mambo ya Ngome wakati wa chakula, jibu lake lilikuwa moja: "Ndiyo, ndiyo, kula." Alimpigia simu.

"Mke wangu," akaanza, "nguzo ya nyumba yangu, taa ya macho yangu, wewe ambaye subira yako..."

"Baba Pacha, umevunja nini?"

"Sijavunja kitu, Mama Pacha."

"Ukinisifu hivyo lazima kuna kitu. Sema haraka, nina sare thelathini hapa."

Akasema. Akaeleza kura, sifuri na kufutwa. Mkewe hakucheka. Cherehani ilisikika ikisimama.

"Nitumie hicho kiungo cha kuingilia," akasema.

Lakini Baraza haliingiwi kama sokoni. Kwa kuwachelea wanaoingiza ndugu na mashemeji siku ya kura, Karani humuuliza kila mgeni maswali matatu mbele ya watu wote, na aliyemleta mgeni hukatazwa kufungua kinywa. Dereva aliuma kola ya shati lake na kungoja aibu.

"Zimwi hulalia ubavu gani?" Karani akauliza.

"Wa kushoto," mke akaandika. "Wa kulia ana kidonda."

"Binti Radi alipoteza kidole kipi?"

"Cha pete. Na alistahili, kwa kiburi kile."

"Farasi nje ya pango walikuwa wangapi?"

"Saba. Mmoja alikuwa anachechemea, na yule aliyewashika alivua kilemba chake akamfunga mguu, akabaki kichwa wazi mvuani. Sasa nioneshwe pa kupigia, nina kazi."

Mjumbe mmoja akaandika, "Mimi nimesoma mara tatu, hicho kilemba sikikumbuki." Karani akaandika neno moja: "Amepita." Na Dereva, aliyedhani miaka yote alikuwa akiisimulia sahani, akafuta jasho ambalo si lote lilikuwa jasho.

Saa nane kasoro dakika sita, sifuri ikaanguka. Moja ikasimama mahali pake. Dereva alishuka, akalizunguka gari mara mbili kwa mwendo wa askari wa gwaride, akaitazama tena simu. Sifuri.

"Mama Pacha, umefanya nini?" akauliza alipompigia tena.

"Nimepiga."

"Mbona haipo?"

"Basi sijui. Nilibonyeza, nikabonyeza tena ili ikolee."

Ole wetu, kwa kuwa katika kura za simu kidole cha pili hukifuta cha kwanza, na mapenzi yakizidi hujibomoa yenyewe! Dereva alikuwa akimweleza hayo kwa upole wa mtu anayetegua bomu, wakati mlango wa ukumbi ulipofunguka na Mkurugenzi akatoka, mkoba mkononi, uso umechoka na mkutano.

"Twende," akasema.

Ilikuwa saa nane kasoro dakika tatu. Dereva alimtazama Mkurugenzi, akaitazama simu, na kinywa chake kikatoa maneno ambayo hayakuwahi kutamkwa katika miaka kumi na mmoja ya usukani:

"Mama, samahani, naomba unisubiri kidogo."

Mkurugenzi akasimama kando ya mlango wa gari uliofungwa. Hakuwa mzoefu wa kusubiri, na ilionekana hajui mtu anayesubiri huweka wapi mikono.

"Kuna nini?"

"Kura, mama."

"Kura gani? Mbona mimi sijasikia uchaguzi?"

"Mara moja tu," Dereva akaiambia simu. "Bonyeza mara moja, kisha weka simu mezani, usiiguse kabisa."

"Usinifokee."

"Sikufokei, nakuomba."

Moja ikarudi. Wakaingoja, yeye na Mkurugenzi wake aliyekuwa ameanza kuchungulia begani bila kuelewa, mpaka saa nane ilipotimia na Karani akafunga kura. Binti Radi alishinda. Kelele zake waandike wengine. Chini kabisa iliandikwa: Mshika Hatamu, kura moja, anabaki orodhani.

"Imekubali?" mkewe akauliza, bado yuko hewani.

"Imekubali. Sikujua kama ulikuwa unasikiliza."

"Nilikuwa nasikiliza nini? Mazimwi? Mimi nilikuwa nakusikiliza wewe. Kila ukifika kwa huyo mtu wa nje ulikuwa unaacha kula. Hiyo kura si yake, Baba Pacha, ni yako."

Dereva akaishusha simu, akamfungulia Mkurugenzi mlango.

"Umeshinda?" mama akauliza akiingia.

"Tumekuwa wa mwisho, mama," akajibu, na uso wake uling'aa hivi kwamba Mkurugenzi hakuwa na budi kumpa hongera.

Basi na iandikwe katika tarehe za Ngome, nao watakaokuja wasome: mwaka ule, kati ya wahusika thelathini na mmoja, Mshika Hatamu alishika nafasi ya thelathini na moja, na katika wote waliomtangulia hakuna hata mmoja aliyepigiwa kura na mtu anayemjua kwa macho na kula naye.