Mbio Zangu za Udiwani Cloonbrack

Jumatatu, 29 Machi 2004

Sheria imeanza leo: marufuku kuvuta sigara ndani ya baa. Ireland nzima! Mimi sivuti, lakini nagombea udiwani, na wavutaji wamefura kwa hasira. Hasira ni kura. Nikanunua mwavuli mkubwa, nikasimama nje ya baa kwenye mvua, nikawafunika mmoja mmoja huku nikiilaani serikali. Saa mbili nzima! Wakanisifu sana. Mara huyo, Concepta Drury, mama wa posta, mpinzani wangu, na birika la chai na sandwichi za nyama. Wote wakamhamia. Na mwavuli wangu wakaondoka nao! Mwizi wa kura yule mama. Nina mafua.

Ijumaa, 30 Aprili

Serikali imeahirisha mashine za kupigia kura. Wiki sita kabla ya uchaguzi! Zimeshanunuliwa, maelfu kwa maelfu, na sasa tunarudi kwenye karatasi na penseli. Na mimi je? Mwezi mzima nimezunguka kwa wazee na boksi la biskuti nililolichorea vitufe, nikiwafundisha kubonyeza picha yangu. Wamebonyeza mpaka boksi limetoboka. Nimempigia simu mbunge wetu nikamwambia wameniua. Akasema pole, Fergal, ila boksi hilo si la serikali. Nuala, mke wangu, alicheka mpaka akakaa chini. Mke gani huyu!

Ijumaa, 11 Juni

Siku ya kura. Huku kwetu mgombea asiyeonekana msibani hachaguliwi, basi. Asubuhi redio ikatangaza mazishi ya mzee Malachy Lohan. Watoto kumi na mmoja! Wakwe! Wajukuu watu wazima! Nikafunga tai nyeusi, nikatoka mbio. Nimepanga foleni saa nzima, nimeshika mikono arobaini na mitatu, kila mmoja na pole yake. Jeneza nimelibeba, bega linaniuma mpaka sasa. Hata kulia nimelia, na sikumjua marehemu. Tulipokaa kunywa supu, mjane akanishika mkono. Asante, mwanangu, umetufariji, ila sisi wote tunapigia kura ng'ambo ya mto, kata nyingine.

Wote! Arobaini na watatu! Na hakuna hata mmoja aliyeona vema kunidokeza kabla sijabeba jeneza! Nikaiacha supu palepale. Ili nifidie hasara nikakimbilia msiba mwingine, wa upande wetu, nikashika mikono mpaka vituo vikafungwa. Wagombea wenzangu wote walikuwa wapi? Wavivu!

Jumapili, 13 Juni

Nimeshindwa kwa kura moja. MOJA! Concepta kachukua kiti cha mwisho. Nikadai wahesabu upya. Wakahesabu mara tatu, kura ni ileile. Nikapiga meza. Nikasema humu ukumbini kuna msaliti, mtu aliyeniahidi kura halafu hakukanyaga kituoni, na nitamsaka nyumba kwa nyumba mpaka nimtie aibu mbele ya mkewe.

Nuala akanivuta koti. Akaniuliza, taratibu kabisa, mimi mwenyewe nilipiga kura saa ngapi.

Nikageuka kuelekea mlangoni. Concepta akapita, akanipa mkono, akasema pole kwa msiba, Fergal. Watu walicheka mpaka wahesabu kura wakadondosha karatasi. Washenzi wakubwa.

Jumatatu, 14 Juni

Nimefikiri vizuri, na kosa si langu hata chembe. Nimemwandikia barua mjane wa Lohan. Kwa heshima zote nimemweleza kwamba mumewe amenikosesha kiti. Mtu ameishi miaka tisini na moja, alishindwa nini kuvuta siku mbili tatu azikwe Jumatatu? Hata hivyo nimemsamehe, mimi si mtu wa kinyongo. Mwishoni nimemwomba anipe kura yake uchaguzi wa 2009, yeye na watoto wake wote kumi na mmoja.