Jina la Kweli la Velma Tate

Jumatatu, 3 Machi
Hatimaye! Miaka arobaini na tisa nikipiga santuri za muziki wa soul chumbani, mashine mbili juu ya meza ya vipodozi ya mke wangu Glenys, na leo redio ya mtandaoni imenikubali. Jumapili, saa nane mchana. Ni jaribio tu. Janice, mwenye redio, kasema wasikilizaji wasipofika hamsini, kipindi anapewa Ronnie Entwistle. Ronnie! Mtu anayebadilisha santuri kama anapanga sahani kabatini. Hanipati ng'o. Nina Velma Tate.

Mji wetu mzima wa Bolton unamjua Velma Tate. Jina nililibuni mwenyewe, la kumfichia mwimbaji wa santuri moja adimu. Mwaka 1976 niliibandika lebo ya santuri hiyo karatasi nyeupe, ili maDJ wenzangu wasijue mwimbaji ni nani wakaenda kuitafuta madukani. Sote tulifanya hivyo. Mimi nilitumia gundi ya mbao.

Jumanne, 4 Machi
Balaa! Janice anataka orodha ya nyimbo na majina ya kweli ya waimbaji, eti sheria ya vibali. Nikampelekea jina la Velma Tate. Akanipigia: mzee Cliff, huyo mtu hayupo duniani, usinifanye mjinga. Nikamwambia ni msanii mwenye haya sana. Akakata simu.

Sawa. Nitaandika jina la kweli.

Sikumbuki jina la kweli.

Jumatano, 5 Machi
Nimeamka nikitaja majina ya wanawake. Glenys kauliza Doreen ndiye nani tena.

Nikaamua kuibandua ile karatasi nyeupe kwa mvuke wa birika, nilisome jina chini yake. Karatasi imetoka vizuri sana. Lebo imetoka nayo, ikawa uji mtupu. Glenys kacheka mpaka kakaa sakafuni, kisha akashauri nipige wimbo mwingine. Wimbo mwingine! Nimeshawatangazia watu wote wa klabu yetu ya soul kwamba Velma atakuwepo. Halafu nikaona uchungu kweli. Sauti ile ndiyo niliyoisikiliza wiki nzima mama alipofariki, na sijui ni ya nani.

Sikati tamaa. Kuna mtu mmoja anayejua.

Alhamisi, 6 Machi
Ronnie. Kasha la santuri lililokuwa na ile ya Velma tulilinunua naye Blackpool, tukiwa bado marafiki. Nikaenda kwake na pai ya nyama. Nikajifanya naandaa chemshabongo ya klabu, swali la saba nani aliimba ule wimbo. Akanitazama, akasema umesahau, si ndiyo? Akacheka mpaka mbwa akabweka.

Jina analikumbuka! Lakini ana sharti: nitangaze hewani kwamba aliyeichomoa santuri ile kashani ni yeye. Nikamwambia asahau kabisa. Nikatoka. Nikafika getini. Nikarudi. Ernestine Pruitt, akasema, huku anamalizia pai yangu peke yake. Hakunikaribisha hata kipande.

Ijumaa, 7 Machi
Janice kaipokea orodha na kuiweka kwenye ukurasa wa redio. Sasa maDJ wote na dunia nzima wanaweza kulisoma jina. Sikula kitu mchana.

Jumapili, 9 Machi
Saa nane kamili. Saa nane na nusu, wasikilizaji thelathini na wanane. Mungu wangu! Nikaweka santuri isiyo na lebo, nikasema kwa sauti: huyu ni Ernestine Pruitt. Ile sehemu ya Ronnie kuichomoa santuri kashani niliisema haraka haraka, huku nikikohoa. Wimbo ulipofika katikati, sabini na mmoja! Kipindi ni changu!

Kisha ukaingia ujumbe kutoka Detroit. Binti mmoja aliliona jina la bibi yake kwenye ukurasa wa redio. Bibi ana miaka themanini na mitatu. Amekaa jikoni kausikiliza wimbo wote, analia, anasema hakujua kama kuna mtu duniani anayemkumbuka. Hakuwahi kulisikia jina lake redioni, hata siku moja. Nikalia na mimi. Glenys akanipa taulo la vyombo.

Na kuna zaidi! Bibi ana wimbo wake mwingine nyumbani, kwenye kanda, haujawahi kusikika popote. Anataka niupige Jumapili ijayo. Nikajibu papo hapo: leteni! Ila nimemwomba bibi kitu kimoja tu, kidogo sana. Achague jina lingine, Ronnie asije akajua ni yeye.