Kaktasi ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Machi
Mama mkwe, tunayeishi naye, kasafiri wiki nzima. Kaacha kaktasi yake sebuleni, aliyoilea miaka kumi na mmoja. Kasema isiguswe. Alisema akimtazama mke wangu, mimi nikiwa pale pale! Miaka mitatu ya ndoa, bado naitwa "huyu bwana". Mwanyumba wangu, fundi umeme aliyemwoa dada wa mke wangu, yeye anaitwa "mwanangu". Kisa? Alitengeneza swichi moja. Inaniuma, sifichi.
Nimeikagua kaktasi. Chungu kimeibana, mizizi inachungulia chini. Mama akirudi aikute kwenye chungu kipya, ataachaje kuniita mwanangu? Mke wangu anasema agizo lilikuwa wazi. Hana jicho la mbali.

Jumanne, 5 Machi
Nimenunua chungu kikubwa kama ndoo. Muuza maua alishauri kizidi cha zamani kwa vidole viwili tu, eti kikubwa mno hutunza maji na kuozesha mizizi. Anataka nirudi kununua kingine mwakani. Namjua! Akasema pia niishike kwa gazeti lililokunjwa mara kadhaa. Nilikunja mara moja. Miiba kumi na saba kiganjani! Mke wangu kaitoa kwa kibanio cha nyusi, huku akicheka.

Jumatano, 6 Machi
Nimeinyoa. Upande mmoja tu, kwa kikata kucha, nipate pa kushika. Ikatoka bila ubishi. Nikaipanda, nikaimwagia jagi zima. Kiumbe kimetoka kuhama, kisipewe maji?
Jioni mwanyumba kaja "kusalimia". Akasema ikihamishwa isipewe maji wiki nzima, vidonda vya mizizi vikauke kwanza. Nani kamwuliza? Umeme na mizizi wapi na wapi! Akauliza mbona ina upara. Nikamjibu ndiyo aina yake.

Ijumaa, 8 Machi
Imeinama. Shina limelainika chini. Nimeogopa, kwa kweli. Nikaing'oa, nikaikausha mizizi kwa mashine ya nywele ya mke wangu. Nikairudisha chunguni. Mke wangu kaikuta mashine imejaa mchanga. Nimekula peke yangu.
Nimejaribu kubandika miiba kwa gundi. Imeshika vizuri sana, kwenye shati langu.

Jumapili, 10 Machi
Mama karudi. Mwanyumba kambebea begi, angekosaje! Upara nilikuwa nimeuelekeza ukutani. Mama akaigeuza kaktasi. Akachukua kisu, akaondoa sehemu iliyooza, akaiweka iliyobaki dirishani. Akasema ikikauka ataipanda upya, huenda ikapona.
Kisha akanigeukia. Akasema: mwanangu, usiguse tena kitu changu chochote, hata nikifa.
Mwanangu! Mbele ya mwanyumba! Nilitaka kulia kwa furaha. Mke wangu ananiuliza kama niliisikia sentensi yote. Niliisikia. Ilianza vizuri mno.
Sasa mama kajilaza, uchovu wa safari. Cherahani yake ina kelele mbaya, na mwana wa kweli hawezi kuvumilia mamake ashone katika hali ile. Nimeshaifungua skrubu zote. Mbili sizioni.